Mwalimu, Jana Tulikula

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Kwenye ukurasa wa nne palikuwa na mistari minane mitupu chini ya agizo: eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini unastahili ufadhili huu. Msichana aliyeketi mbele yangu alikuwa amejaza mistari mitatu. Mama yangu anauza mboga. Tuko watoto wanne. Nilipata alama 378. Kisha akarudisha kifuniko kwenye kalamu na kunitazama kama mtu aliyemaliza kazi.

Ilikuwa Desemba 2016. Matokeo ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yalikuwa na siku chache tu tangu yatangazwe, na fomu hiyo ya kuomba karo ya sekondari ilitakiwa irudi saa kumi na moja jioni siku hiyo hiyo, ikiwa na muhuri wa chifu. Chifu naye, kama mjuavyo, hupatikana anapopatikana. Nikamwambia aongeze. Akauliza aongeze nini. Nikasema, andika kwamba kuna siku mnalala njaa.

"Mwalimu, jana tulikula."

"Na juzi?"

"Juzi pia. Omena."

Sijui kama umewahi kumkasirikia mtoto kwa sababu amekula. Mimi nilikasirika. Nilimwambia hii ni insha kama insha nyingine yoyote, na insha nimekufundisha mimi, na insha isiyomgusa msomaji haipati alama. Mistari mitano iliyobaki nikawa namsomea, yeye anaandika kwa mwandiko wake wa duara. Njaa ikaingia. Mvua inayopenya mabati ikaingia. Kibatari kikaingia, ingawa ploti waliyokaa ilikuwa na stima. Kufikia saa tisa tulikuwa na umaskini uliokamilika, wenye mwanzo, kati na mwisho, na tukaondoka mbio kumtafuta chifu.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya umma upande wa Kawangware, Nairobi, huko zinakoishia matatu za nambari 46. Siku hizi tuna sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, ndani ya ua uleule. Sitaitaja shule, wala wakfu wa kampuni uliotoa fomu ile. Fomu za namna hiyo zinafanana, na kisa hiki kinanihusu mimi zaidi ya kinavyowahusu wao.

Neno wakfu lenyewe huwa linanisimamisha. Mtaani watu husema faundesheni, lakini magazeti ya Kiswahili huandika wakfu: wakfu wa benki hii, wakfu wa kampuni ile ya simu. Mimi nimelelewa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kwetu wakfu ni neno zito. Mtu akiiweka nyumba yake wakfu, ameifungua mkono. Haiuzwi tena, hairithiwi, watoto wake hawaigawani. Kodi inakwenda msikitini, madrasa, au kwa mayatima, na yeye mwenyewe hana la kusema juu yake hadi Kiyama. Nyanya yangu alichota maji katika kisima cha wakfu utoto wake wote na hakuwahi kumjua aliyekichimba. Kisima hakimwulizi mnywaji alilalaje jana. Unatumbukiza ndoo, unavuta, unakwenda zako.

Wakfu wa kampuni, kwa kawaida, bado una mkono wa mwenyewe ndani yake. Kampuni hutenga fungu kila mwaka kutoka katika faida, na mwaka faida ikikonda, fungu nalo hukonda. Kuna nchi zilizolifanya jambo hili kuwa sheria. India, kwa sheria yake ya kampuni ya mwaka 2013, inazitaka kampuni kubwa zitumie asilimia 2 ya faida yao kwa mambo ya jamii. Kwetu ni hiari, na hiari hupenda kuonekana. Jina liko kwenye fulana, kwenye sanduku, kwenye ukuta wa darasa, kwenye hundi ya kadibodi inayobebwa na watu wanne. Ninayemwona kukaribia wakfu wa Kibokoni ni, ajabu, Mastercard Foundation ya Kanada: mwaka 2006 kampuni ilipoingia soko la hisa iliupa mfuko huo sehemu ya hisa zake, ukawa na bodi yake na makao yake Toronto, na kampuni haiuendeshi. Wale walitoa wakatoka.

Na wao hao ndio walioshirikiana na wakfu wa benki ya Equity kuanzisha Wings to Fly mwaka 2010. Kundi la kwanza liliingia kidato cha kwanza 2011, na tangu hapo watoto waliosomeshwa kwa mpango huo ni makumi ya maelfu. Nawaambia wenzangu wanaobeza mambo haya kwamba hapo mnakosea. Ufadhili ule haukuishia kwenye karo. Ulikuwa na sare, vitabu, nauli ya kwenda na kurudi, pesa kidogo ya matumizi, na mtu mzima wa kumfuatilia mtoto. Walioketi kuchagua ni watu wa palepale: chifu, viongozi wa dini, maafisa wa elimu. Safaricom walikuwa na wakfu wao tangu 2003, KCB tangu 2007, na M-PESA Foundation walikwenda mbali zaidi wakajenga shule nzima ya bweni huko Thika, iliyofunguliwa 2016, inayochukua watoto kutoka kaunti zote 47. Jomo Kenyatta Foundation, ambalo ni shirika la serikali, liko tangu 1966 kule Enterprise Road, linachapisha vitabu vya shule na kusomesha watoto wasiojiweza. Nimefundishia vitabu vyao miaka mingi bila kujua kwamba mzazi anayenunua kitabu cha mwanawe anamchangia na mtoto wa mwenzake.

Kabla ya hapo kulikuwa na harambee. Kadi inapita, watu wanakutana kwa mzee fulani Jumamosi, mgeni wa heshima anachelewa, kuku mmoja anauzwa kwa mnada mara tano. Bado zipo, ila zimehamia WhatsApp, na kundi hufa jioni ile ile karo inapotimia. Kisha kuna basari ya eneo bunge na ile ya kaunti, ambazo mzazi huzifuata ofisini siku nzima bila kuuza chochote, akapewa elfu tatu. Kwa hiyo mtoto akipata wakfu wa miaka minne mfululizo, hakuna mwalimu mwenye akili atakayeuliza mkono wa mwenyewe uko wapi.

Tufanye hesabu. Mwaka 2017 karo ya shule za bweni za kitaifa, kwa kiwango kilichotangazwa na serikali mwaka 2015, ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Mama wa msichana wangu aliniambia kwamba siku nzuri, akishatoa pesa za soko na za mkokoteni, hubakiwa na 400. Karo ya mwaka mmoja ni siku 134 nzuri, na hapo hajalipa nyumba, hajanunua unga, na hao watoto wengine watatu hawajavaa viatu. Ongeza sanduku, godoro, sare mbili, shuka, viatu vyeusi, ndoo. Mistari mitano niliyomsomea ilikuwa na thamani ya zaidi ya laki mbili. Ndiyo maana niliisoma.

Ila hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wafadhili hawauoni kwa sababu hawakai hapa Jumatatu. Nani hufanya kazi ya kuchagua? Kabla fomu haijafika kwa bodi yoyote, kuna mwalimu aliyeamua nani aitwe kuichukua. Fomu tulizoletewa mwaka ule zilikuwa kumi. Waliostahili, kwa macho yangu, walikuwa ishirini na tatu. Mimi na mwenzangu wa Hisabati tulikaa na orodha hadi giza likaingia, tukikata majina, huyu ana mjomba anayefanya kazi, yule babake amerudi, huyu mwingine alama zake ni 341 hawatamtazama. Hakuna semina inayokufundisha kazi hiyo. Na kumi na watatu tuliowakata, wazazi wao nakutana nao kwenye stendi kila siku.

Baada ya fomu kuna ziara ya nyumbani. Nitaieleza hii taratibu kwa sababu naipenda.

Majirani walikuwa wamemshauri mama aondoe televisheni. Kila mtu Kawangware anajua kwamba wageni wa ufadhili wakija televisheni husafiri. Ikapelekwa mlango wa tatu, kwa jirani, ikafunikwa kanga. Nilikuwepo kwa sababu mwalimu alitakiwa awepo. Akaja kijana mmoja mwenye tableti na fulana ya kampuni, mpole, amevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akauliza maswali yake: wangapi, kodi ngapi, maji yanatoka wapi. Tulikaa watano kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Kitinda mimba wa nyumba, wa miaka mitano, alikuwa amesimama katikati ya miguu ya yule kijana akimwangalia anavyogusa kioo. Halafu, kwa ukarimu wote wa mtoto anayeona mgeni amechoka, akasema, "Televisheni yetu iko kwa jirani. Itarudi mkienda."

Hakuna aliyepumua. Mama alitazama sufuria. Mimi nilitazama dari, na ndipo nilipoona kwamba mabati yale hayakuwa na tundu hata moja.

Yule kijana akacheka. Alicheka kweli, akafuta jicho, akamwuliza mtoto anapenda kipindi gani. Sikuona kidole chake kikigusa tableti tena mpaka alipoaga. Sera za mfuko wake sizijui, ila nina hakika alichokifanya hakikuandikwa humo. Binti alichaguliwa.

Januari 2017 tukaitwa kwenye hafla ya kuwaaga. Hema nyeupe, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, masanduku ya bati yamepangwa kwa safu kama askari, kila moja na godoro lililofungwa kamba juu yake. Watoto walikuwa ndani ya fulana zilizowafika magotini. Dada mmoja wa mawasiliano, mchangamfu, mwenye karatasi mkononi, alinijia akitabasamu: mtoto wako ameandika vizuri sana, tumemchagua atoe shukrani kwa niaba ya wenzake. Akanionyesha nakala ya ukurasa wa nne. Sehemu ya njaa ilikuwa imepigwa rangi ya manjano. "Hii," akasema, "inagusa."

Nilipaswa kusema kitu. Nilisema asante.

Mama alikuwa mstari wa pili, amevaa gauni la kitenge ambalo nadhani lilishonwa kwa ajili ya siku hiyo, na kilemba. Binti akapanda jukwaani. Alisoma sauti ikiwa juu na wazi, kama nilivyomfundisha, akitua panapostahili kutua. Kuna siku tunalala njaa. Mama hutuambia tunywe maji tulale. Mvua ikinyesha tunasogeza godoro. Wakubwa walioketi mbele walitikisa vichwa polepole, na mpiga picha akapiga goti.

Mama hakutazama jukwaa. Aligeuza shingo akanitafuta mimi kati ya walimu waliosimama nyuma, na akanipata.

Baadaye, kwenye foleni ya soda, alinijia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwalimu, wanangu walikulalamikia lini?" Nikamwambia ni fomu tu, mama, ni mambo ya fomu. "Fomu," akasema. Akashika mkono mmoja wa sanduku, binti akashika wa pili, wakaenda.

Nimeishi na neno hilo moja kwa muda. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kwenda sokoni ili watoto wake wasilale njaa, na kweli hawakulala njaa, alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa aambiwe mbele ya watu mia tatu kwamba walilala. Na aliyeyatunga hakuwa mfadhili. Mfadhili aliuliza tu. Mimi ndiye niliyejua wanataka kusikia nini, nikawauzia. Wao nao hawakuwahi kukiambia kisima chao kinyamaze.

Sasa kuhusu walimu, maana matangazo yote husema "kuwasaidia wanafunzi na walimu". Mwanafunzi hupata karo. Mwalimu hupata semina. Chai, mandazi, kalamu yenye nembo, cheti, na picha ya pamoja. Mwaka mmoja wafadhili fulani walituuliza rasmi, kwa barua, shule inahitaji nini zaidi. Tulikaa kikao. Hatukuomba kompyuta. Tuliomba mashine ya kutoa nakala na wino wa mwaka mmoja. Darasa langu lilikuwa na watoto 62. Jaribio la kurasa nne ni kurasa 248, na pale dukani nje ya lango ni shilingi tano kwa ukurasa. Shilingi 1,240. Kila mtoto akileta ishirini imetimia, ila hawaleti wote, na asiyeleta huwezi kumnyima karatasi akae anaangalia wenzake wakiandika. Anayejazia unamjua. Ukifanya majaribio matatu kwa muhula, umeelewa kwa nini mwalimu wa umma ana deni sacco.

Walikuja. Walipaka ukuta wa darasa la nne rangi za kampuni, wakachora dunia, twiga na mtoto anayesoma, na wakatuachia hundi ya kadibodi yenye thamani ya rangi hiyo. Hundi ipo mpaka leo: inaziba dirisha la ofisi ya walimu lililovunjika kioo, upande wa mvua, na inaziba vizuri.

Vijana waliokuja kufundisha sekondari msingi kwa uanagenzi wakati Gredi ya 7 ilipoanza mwaka 2023 walilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato. Mwaka uliofuata waligoma. Mmoja wao katika shule yetu alikuwa akitembea kutoka Dagoretti Corner kuokoa nauli, na nimemwona akimnunulia mtoto sodo kwa pesa yake bila kumwambia mtu. Huyo naye ni wakfu, ukiniuliza mimi. Wakenya tulishangilia sana mwaka 2019 Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia wa Keriko kule Njoro, aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani ya Varkey Foundation, dola milioni moja. Ofisini kwetu kulikuwa na kelele kama za mpira. Lakini kilichosomwa kila mahali ni kwamba asilimia 80 ya mshahara wake alikuwa akiwapa wanafunzi na jamii. Mwenzangu wa Hisabati alisema, akiendelea kusahihisha, "Kumbe kuna tuzo ya hiyo?"

Mpaka hapa nimesema vibaya zaidi ya ninavyodhani. Kama wale watu wangeniletea fomu kumi kesho, ningezichukua mbio. Ila nisingesoma mistari. Tangu Januari ile nimewaambia watoto waandike kilichopo, kwa wingi wanaotaka wao, na mmoja aliandika sentensi mbili tu na akapata. Mwingine aliandika ukurasa mzima na akakosa, na yote mawili hayanithibitishii kitu. Nawaomba tu wanaotunga fomu hizi wafute ile mistari minane. Alama mnazo. Chifu mmemwuliza, mwalimu mmemwuliza, kijana wenu amevua viatu ameingia ndani ameona. Hicho kingine mnachomtaka mtoto awaandikie ni cha nini?

Binti alisoma miaka yake minne. Ya mwisho ilikuwa ya korona: shule zilifungwa Machi 2020, akarudi kibandani na mama kukata sukuma, akarudi shuleni Oktoba, na KCSE yake, mtihani wa kumaliza sekondari, ikafanywa Machi na Aprili mwaka uliofuata. Leo yuko kwenye maabara ya hospitali moja hapa Nairobi, anavaa koti jeupe, na mwandiko wake umeharibika kama wa madaktari wote. Kitinda mimba, yule wa televisheni, alikuwa kwenye kundi la kwanza la KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi, mwaka 2025. Alama 378 hazipo tena. Siku hizi ni viwango, EE kwa aliyezidi matarajio na ME kwa aliyeyafikia, na wafadhili wamebadilisha fomu zifuate. Zimeingia mtandaoni. Mistari minane imekuwa kisanduku.

Matokeo yalipotoka nilipita kwa mama kumwambia kuna fomu moja nimeiona, kijana ana viwango vizuri, tukiwahi tutapata. Alikuwa anakata sukuma, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama, uzi mwembamba wa kijani unaangukia sinia.

"Huyu dada yake atamlipia," akasema. "Huyu hatumwandikii mtu."

Nikanunua sukuma ya thelathini. Akapima kwa jicho, akatia mfukoni, akafunga. Halafu akafungua tena akaongeza mkono mwingine juu, kama anavyonifanyia kila jioni tangu 2017.

"Chukua, mwalimu," akasema. "Usije ukalala njaa."